Masika Yasikute Tuta Tupu: Mbolea ya Kijani kwa Bustani za Tanga

Wifi yangu anaishi Uingereza. Mwaka mmoja, mwezi wa kumi, alinitumia picha ya bustani yake ya nyuma ya nyumba. Matuta aliyokwisha kuchimba viazi yalikuwa yamefunikwa na nyasi changa, mbichi, zimesongamana hata udongo hauonekani. Nikamuuliza, "Wifi, umechoka kulima? Mbona umeyaachia majani?" Akasema hapana, ameyapanda mwenyewe kwa mbegu ya kununua. Yanaitwa raigrasi. Huyasia kiangazi chao kinapoisha, yanakaa ardhini wakati wote wa baridi, na joto linapoanza kurudi, mwezi wa tatu au wa nne, anayakata na kuyafukia. Wiki chache baadaye anapanda mboga pale pale.

Kilichonikaa kichwani ni sababu aliyonipa. Wakati wa baridi kwao mvua ni nyingi na mboga hazikui. Tuta likikaa tupu, maji yanapita na kushuka na chakula chote kilichobaki udongoni. Raigrasi ina mizizi myembamba, mingi mno, kama nywele. Inakidaka kile chakula kabla hakijazama, inakihifadhi kwenye majani, na ikifukiwa inakirudisha.

Nikayatazama matuta yangu hapa upande wa Mwambani. Baridi hatuna, lakini masika tunayo. Mvua kubwa za Tanga huanguka kati ya Machi na Mei, na Aprili na Mei ndiyo miezi yenyewe. Wakati huo nyanya zinaoza zingali kijani, mchicha unalazwa na matone, ugonjwa wa bakajani unamaliza mimea kwa siku chache. Kwa hiyo wengi wetu tunaweka jembe chini na kungoja kipupwe kiingie Juni. Matuta yanabaki wazi, na mchanga wa pwani haushiki kitu. Samadi uliyoweka Januari ikishaoza, naitrojeni yake, yaani chakula cha majani, inageuka naitreti, na naitreti huyeyuka kwenye maji kama chumvi kwenye supu. Mvua kubwa mbili tatu zikinyesha, imeshazama chini kuliko mizizi ya mboga yoyote utakayopanda Juni. Miche inaanza maisha na njaa, nawe unakwenda duka la pembejeo kununua kile kile ulichokuwa nacho.

Ninayoandika hapa ni namna ya kulifunika tuta katika wiki hizo nane za mvua kwa mbolea ya kijani, yaani mimea inayopandwa ili ikatwe na kufukiwa, ile inayopenda joto letu, ili Juni ikukute na mbolea iliyokwisha kuoza ardhini.

Raigrasi yenyewe tuwaachie wenye baridi

Nimeulizwa mara kadhaa kama mbegu ile inaweza kuletwa. Raigrasi hustawi vizuri kwenye joto la nyuzi 18 hadi 20 hivi; likipita 30 inadumaa na kukauka. Kwetu Februari joto la mchana hupita nyuzi 31, na hata Julai, mwezi wetu wa nafuu, usiku ni karibu nyuzi 20. Ndugu zetu wa Lushoto, walioko mwinuko wa karibu mita 1,400, wana ubaridi wa kutosha kuijaribu. Sisi wa bondeni tutakuwa tunatupa pesa. Na yeyote mwenye ndugu nje asimwombe afiche mbegu kwenye begi. Kuingiza mbegu nchini kunataka kibali na cheti cha afya ya mimea, na sheria hiyo ina maana yake, kwa sababu gugu au ugonjwa ukishaingia hautoki.

Tena raigrasi ina kazi moja tu. Inahifadhi naitrojeni iliyopo, lakini haiwezi kuongeza hata chembe, maana si jamii ya kunde. Kwa mchanga wetu uliochoka nataka mimea miwili kwenye tuta moja: mmoja wa jamii ya nyasi wa kudaka, mwingine wa jamii ya kunde wa kuleta.

Cha kupanda

Wa kwanza kwangu ni marejea. Ni mmea wa jamii ya kunde, unasimama wima, una maua ya njano na vitumba vya mbegu vinavyolia vikikauka. Jina lake lenyewe linasema kazi yake: ardhi inarejea. Watawa Wabenediktini wa Peramiho, kule Songea, ndio walioyavumisha sana kwa wakulima wa nchi hii katika miaka ya 1980, na mpaka leo ukitaja marejea kwa bwana shamba wa rika fulani utamwona anatabasamu. Pamoja na kuleta naitrojeni, marejea yanapunguza minyoo fundo, wale wasioonekana kwa macho wanaoifanya mizizi ya nyanya na bamia kuvimba vinundu kama shanga. Mchanga wa pwani ndiyo nyumba yao. Kama uling'oa nyanya mwaka jana ukakuta mizizi imevimba hivyo, usihangaike kuchagua. Panda marejea.

Wa pili ni kunde. Mbegu ziko kila soko, Mgandini na Makorora hazikosekani, na majani yake unachuma ukapika wakati mbolea inaendelea kukua. Wenye eneo dogo ambao hawawezi kuacha tuta wiki nane bila kula kitu, hii ndiyo yao. Upungufu wake ni kwamba kunde za kawaida hazizuii minyoo fundo, nyingine huwalisha kabisa.

Upande wa nyasi natumia uwele. Una mizizi mingi inayotanuka haraka na kufanya kazi ile ile ya raigrasi ya wifi. Mtama nao unafaa, na kwenye udongo wa mfinyanzi unaotuamisha maji ni bora kuliko uwele. Lakini mtama mchanga una sumu inayoua mbuzi na ng'ombe kwa muda mfupi, hasa ukiwa chini ya kimo cha magoti au umechipua upya baada ya kukatwa. Mitaani kwetu mbuzi wanazurura. Sitaki mbuzi wa jirani afie kwenye tuta langu, kwa hiyo bustani isiyo na ua mzuri ipande uwele.

Mbegu za marejea pia zina sumu. Usiwape kuku wala mifugo, na mashina yenye vitumba usiyatupe zizini.

Vipimo

Nitatumia tuta la upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 10, yaani mita za mraba 12. Ukichanganya marejea na uwele, chukua mbegu za marejea vijiko viwili vya chakula na uwele kijiko kimoja. Ukichanganya kunde na uwele, kunde gramu 80 hivi, yaani vitanga viwili visivyojaa sana, na uwele kijiko kimoja. Marejea peke yake ni vijiko vitatu.

Utaona ni nyingi kuliko unazopanda ukitaka mavuno. Ni kweli. Hapa hatutafuti punje, tunatafuta majani, na tunataka yafunge haraka kabla gugu la ndago halijaamka. Ndago haipendi kivuli. Haitakufa yote, lakini itadhoofika.

Kupima mbegu kabla ya kungoja mvua

Mwaka wa kwanza nilinunua mbegu za marejea kwa mtu, nikasia zote, zikaota moja moja kama ndevu za kijana. Kumbe zilikuwa za zamani. Nilipojua hivyo mvua ilikuwa imeshakolea na wakati umepita. Tangu hapo, wiki mbili kabla ya masika nahesabu mbegu 20, nazifunga kwenye kitambaa kilicholowa, nakiweka ndani ya bakuli lenye mfuniko jikoni. Siku ya tano nafungua. Zikiota 16 au zaidi, nasia kwa kipimo. Zikiota 10, naongeza mbegu mara mbili. Chini ya hapo natafuta nyingine.

Kusia

Ngoja mvua ya kwanza inayolowesha kweli. Manyunyu ya Machi yanadanganya: juu kumelowa, chini vumbi. Chimba kwa kidole cha kati. Kama unyevu umefika kidole kinapoishia, anza. Mara nyingi kwangu ni wiki ya mwisho ya Machi.

Palilia tuta, toa masalia ya mboga zilizougua, kisha sawazisha kwa reki. Huna haja ya kulima kwa kina. Chora mistari yenye nafasi ya sentimita 20 hadi 25, kina cha sentimita 2 kwa marejea na uwele, 3 hadi 4 kwa kunde. Wengine humwaga tu na kupitisha reki, na zinaota, lakini mistari inakupa nafasi ya kupitisha jembe dogo mara moja wiki ya tatu, na palizi hiyo moja ndiyo inayoamua nani atashinda, mmea wako au magugu.

Mbegu ndogo kama uwele changanya na mchanga mkavu mara tano yake ili mkono usizimwage pamoja. Fukia, kandamiza kidogo kwa kiganja, halafu tandaza makuti mabichi juu. Makuti yanazuia matone makubwa kuzihamisha mbegu, na yanawazuia kuku na njiwa. Siku ya nne anza kuchungulia. Ukiona vichwa vya kijani, yaondoe jioni ile ile, wala usingoje kesho, la sivyo miche itarefuka kwa kutafuta mwanga na mvua ya usiku itailaza.

Mbolea ya kupandia sihitaji. Wenye udongo uliochoka sana watie kiasi kidogo cha samadi ya kuku iliyooza, kwa sababu jamii ya kunde bila fosforasi haitengenezi vinundu vya maana mizizini, vile vinavyoleta naitrojeni. Mbolea ya Minjingu ni ya fosforasi na inatoka hapa hapa nchini, lakini hufanya kazi vizuri kwenye udongo wenye tindikali. Karibu na bahari, ambako udongo wetu una matumbawe na chokaa, huyeyuka polepole mno.

Wiki ya tano: ng'oa mmoja uangalie

Hii ni hatua ambayo watu wanairuka, nami naipenda kuliko zote. Chimba mche mmoja wa marejea au kunde kwa jembe. Usiuvute kwa mkono, maana vinundu vinakatika na kubaki ardhini. Suuza mizizi kwenye ndoo polepole. Utaona vinundu vya mviringo vimeng'ang'ania mzizi, vidogo kama punje za ulezi, vingine kama mtama. Chukua kimoja, kipasue kwa ukucha. Ndani kikiwa na rangi ya waridi au wekundu kama nyama, bakteria wako kazini: wanachukua naitrojeni ya hewani na kuigawia mimea. Kikiwa cheupe au kijani, hakifanyi kazi, au kimezeeka.

Usivichanganye na uvimbe wa minyoo fundo. Kinundu kizuri kimeshikamana ubavuni mwa mzizi, ukikisukuma kinabanduka. Uvimbe wa minyoo ni mzizi wenyewe ulionenepa. Hauwezi kuutoa bila kuukata mzizi.

Bakteria hawa huna haja ya kuwanunua. Wanaoishi na kunde, choroko na marejea ni jamii moja, na mahali palipowahi kuota kunde mara nyingi tayari wapo. Kama vinundu hakuna kabisa, sababu mara nyingi ni tindikali. Hilo nawaambia hasa walionunua viwanja kwenye mashamba ya zamani ya mkonge. Mkonge uliletwa mkoani kwetu mwaka 1893, na ni mmea unaokula kalsiamu kwa wingi. Ardhi iliyokatwa mkonge miaka kwa miaka bila kurudishiwa kitu huwa na tindikali. Konzi mbili za majivu ya kuni kwa kila mita ya mraba, zikichanganywa na udongo kabla ya kusia, husaidia. Anayetaka uhakika apeleke sampuli Mlingano, wilayani Muheza, ambako kuna kituo cha utafiti wa kilimo kinachoshughulika na udongo kwa miaka mingi.

Kukata: wakati ndio kila kitu

Marejea hukatwa yanapoanza kuchanua, pale mimea miwili katika kumi inapoonyesha njano. Kwa kawaida ni wiki ya nane. Kunde nazo kata zinapoanza maua. Uwele ukatwe kabla haujatoa suke, na kama umetangulia wenzake, ukate wiki ya tano au ya sita ukiwa kimo cha kiuno. Utachipua tena, nawe utapata majani mara mbili.

Usiamini kalenda peke yake, maana mwaka wa mvua nyingi mimea hukimbia. Shika shina la marejea shubiri moja kutoka ardhini, ulikunje. Likivunjika kwa sauti ndogo laini kama bamia changa na kutoa maji, muda ndio huu. Likipinda na kuchanika nyuzi nyuzi kama kamba, umechelewa.

Nalisema kwa uchungu kidogo. Mwaka wa pili nilisafiri kwa msiba, nikarudi marejea yamevuka kichwa changu na vitumba vimeshajaa. Nikayafukia hivyo hivyo kwa kuwa nilidhani wingi ndiyo mbolea. Sukuma wiki niliyopanda juu yake ikageuka njano, majani ya chini kwanza, kisha ya katikati, ikakaa hivyo wiki tano. Sababu ni kwamba mashina magumu yana kaboni nyingi na naitrojeni kidogo. Wadudu wasioonekana wanaoyaozesha huhitaji naitrojeni ili wafanye kazi, na wakiikosa kwenye mashina wanaichukua udongoni, mdomoni mwa mboga zako. Baadaye huirudisha, ndiyo, lakini mboga ya siku arobaini haina muda wa kungoja. Yakishakomaa hivyo, usiyafukie. Yakate, yapeleke kwenye shimo la mboji au yatandaze kati ya migomba.

Siku ya kukata chagua asubuhi isiyo na mvua. Tumia panga kali au fyekeo, ukate usawa wa udongo. Mizizi ibaki ardhini, kwa sababu ikioza inaacha vijia vya hewa na maji. Katakata majani na mashina kwa urefu wa kiganja. Yaache juu ya tuta siku moja au mbili yanyauke, yapungue ujazo, halafu yachanganye na udongo wa juu kwa jembe, sentimita 10 hadi 15, si zaidi. Bibi mmoja jirani alinikuta nachimba mtaro wa kwenda kiunoni. Akasimama kwenye ua akaniambia, "Mwanangu, unazika maiti?" Alikuwa sahihi. Chini kabisa hakuna hewa ya kutosha, majani hayaozi vizuri, yanachacha na kutoa harufu ya maji ya mkonge uliolowekwa.

Tuta la kipimo chetu likistawi linatoa kama kilo 30 za majani mabichi. Yakikauka yanabaki kilo 6 hivi, na ndani yake kuna naitrojeni ya karibu gramu 150. Hiyo ni sawa na iliyomo kwenye gramu 325 za urea. Haiji yote kwa mkupuo, nyingine hutoka msimu unaofuata, na sehemu yake ni ile ile iliyodakwa kutoka udongoni. Lakini yenyewe inakuja na majani, na majani ndiyo yanayofanya mchanga ushike maji. Urea haifanyi hivyo.

Subira ya wiki tatu

Hapa ndipo haraka inapoharibu kazi yote. Majani mabichi yakifukiwa, udongo unachemka kwa uhai. Kuvu wanaosababisha kinyausi, ugonjwa wa miche kuanguka shingo, huongezeka siku za mwanzo, na sota, viwavi wanaokata miche, huja kufuata majani yanayooza. Nilimwaga mchicha siku ya tano baada ya kufukia, kwa sababu udongo ulikuwa unapendeza mno kwa macho, na katika tuta zima ikaota michache ya kuhesabika.

Miche ya kuhamisha, kama nyanya, biringanya, nyanya chungu, pilipili na sukuma wiki, isubiri wiki tatu. Mbegu ndogo zinazosiwa moja kwa moja, kama mchicha, zisubiri wiki nne. Mashina yakiwa yameanza kukomaa, ongeza wiki.

Nimepata njia inayonizuia kuharakisha: siku ninayokata mbolea ndiyo siku ninayosia kitalu cha nyanya, chini ya kibanda cha makuti ili mvua za mwisho za Mei zisikipige. Miche ya nyanya inachukua karibu wiki nne kufikia kimo cha kuhamishwa. Nikikata tarehe 20 Mei, miche inakuwa tayari katikati ya Juni, na tuta nalo limeiva. Vyote viwili vinakutana bila mimi kuhesabu siku kwa vidole.

Tuta lililoiva utalijua kwa mkono. Fukua kiganja kimoja kutoka kina cha sentimita 10. Majani yawe yamegeuka kahawia na kupoteza umbo, huwezi kusema hili lilikuwa jani la kunde na lile la marejea. Mashina yakatike ukiyafinya. Nusa: iwe harufu ya ardhi baada ya mvua ya kwanza. Kama kuna uchachu au harufu ya kuoza, bado. Ukiwa na shaka, jaza udongo huo kwenye kopo, sia mbegu 20 za mchicha, mwagilia. Zikiota zote na kusimama vizuri kwa siku saba bila kuanguka shingo, tuta liko tayari.

Kupanda mboga juu yake

Tanguliza walaji wakubwa: sukuma wiki, chainizi, mchicha, nyanya, biringanya. Kunde na choroko usizipange hapo, maana hazihitaji naitrojeni hiyo na zitakuwa zimeila bure. Karoti pia nazipeleka kwenye tuta jingine, kwa kuwa udongo mnono mno huzifanya zigawanyike miguu na kuota ndevu.

Nyanya zangu bado nazitilia konzi ya samadi iliyooza na kijiko cha majivu kwa shimo, kwa ajili ya potasiamu, lakini urea sinunui tena kwa matuta haya. Na jambo nililoliona kwa haraka kuliko yote ni maji. Zamani Agosti nilikuwa namwagilia asubuhi na jioni, la sivyo biringanya zinalegea mchana. Baada ya misimu mitatu ya kufukia majani, namwagilia jioni tu, na jua la saa saba haziinamishi kichwa. Wanaochota maji kisimani kwa ndoo wataelewa nikisema hilo ndilo lililonifanya niendelee.

Vuli

Oktoba hadi Desemba tunapata mvua za vuli, fupi na zisizo na ahadi. Hapo napanda mbolea ya kijani kwenye tuta moja au mawili tu yaliyochoka, na natumia kunde peke yake kwa kuwa zinawahi. Tofauti iko kwenye mwisho: baada ya vuli kinakuja kiangazi cha kaskazi, Januari na Februari, jua kali na upepo mkavu. Ukifukia majani wakati huo unyevu ni mdogo, hayaozi, yanakauka tu humo ndani. Kwa hiyo nayakata na kuyaacha juu ya udongo kama matandazo, na kupanda bamia katikati yake kwa kusogeza majani kidogo. Mchwa watakuja kula sehemu yake. Waache, nao wanaozesha.

Mbegu za mwakani

Acha mimea kumi ya marejea pembeni mwa tuta, upande usiopitwa na kuku. Usiichume mpaka vitumba vigeuke kahawia na vitikisike kwa sauti ukivigusa. Chuma asubuhi vikiwa na umande, la sivyo vinapasuka mkononi na kumwaga mbegu. Anika kwenye jamvi siku tatu, piga kwa fimbo ndogo, pepeta. Weka mbegu kwenye chupa kavu, juu yake majivu ya kuni yaliyochungwa, funga kizibo vizuri, na bandika karatasi yenye jina, mwezi na mwaka. Chupa ikae juu, watoto wasiifikie, kwa sababu ile sumu niliyoitaja haichagui kati ya kuku na mtoto.